Kopo la mama na sertifika moja



Wiki hii ukurasa wetu umeletwa na kazi ya nyumbani. Mjukuu wetu, msichana wa mwaka wa sita wa msingi, alirudi kutoka masomo na swali moja ndani ya kaye: awaulize wazee wake walisoma namna gani walipokuwa watoto, aandike mistari kumi. Alitukuta tumeketi mbele ya nyumba, sahani ya maharagi katikati, tukitoa mawe. Akauliza. Tukatazamana, tukaanza kucheka, halafu tukanyamaza.

Katika ukurasa huu tumezoea kusema «sisi», na mara nyingi «sisi» hiyo ni shirika zima. Leo ni ndogo zaidi. Ni watoto wawili wa mama mmoja, dada na mdogo wake, waliokulia Kibumba, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru. Mdogo ndiye anayeandika. Dada ndiye aliyekuwa na akili.

Wanaojua Kibumba wanajua baridi yake. Asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni mbuzi wa jirani, unamsikia tu. Upande mmoja kuna Mikeno na Karisimbi, upande mwingine Nyiragongo, ambayo usiku ilikuwa na wekundu juu yake kama jiko ambalo mtu amesahau kuzima. Hatukuiogopa. Mtoto haogopi kitu alichokikuta pale alipozaliwa.

Udongo wa kwetu ni mzuri. Kabichi, viazi, maharagi, vitunguu, kila kitu kinaota, na Goma nzima inakula kutoka huko. Kitu kimoja tu hauna: maji. Mawe ya volkano yana matundu, mvua ikinyesha inazama chini na kupotea, hakuna mto, hakuna kisima. Wanaokumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoijaza Kibumba, wanakumbuka magari ya tanki yakipanda na maji kila siku na bado hayakutosha. Watu wa nje walishangaa. Sisi tulizaliwa ndani ya shida hiyo, tukadhani dunia yote iko hivyo.

Kwa hiyo siku yetu haikuanza na masomo, ilianza na maji. Kama mvua ilinyesha usiku, tulikimbilia mwanzi uliopasuliwa ambao baba aliutegesha chini ya paa, na kila chombo cha nyumba kilikuwa nje: sufuria, beseni, hata kopo la kupimia mtama. Maji ya kwanza yalikuwa na rangi ya chai na harufu ya moshi. Ya pili yalikuwa ya kupikia. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, mwanzi ulikauka, na tulikwenda mbali, upande wa pori la Parke, tukiangalia kama walinzi hawako njiani. Dada alibeba bidoni kubwa kwa kamba kwenye paji la uso. Mdogo alibeba ndogo na kulalamika. Tulikuwa tumerudi kabla kengele haijalia, na kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa juu ya mti, inayopigwa kwa chuma. Mkichelewa, mnajua wenyewe fimbo ilikuwa inangoja.

Masomo yalikuwa nyumba ndefu ya mbao na udongo, mabati juu. Mvua kubwa ikinyesha mwalimu alinyamaza, maana hakuna aliyemsikia, akaketi juu ya kiti chake mikono ndani ya koti mpaka ipite. Tuliipenda sana mvua hiyo. Mwaka wa kwanza hatukuwa na mabenchi, kila mtoto alikuwa na jiwe lake, na jiwe la volkano lina meno: tulikunja kipande cha kikwembe cha zamani na kukiweka chini. Wakubwa wa mwaka wa tano na wa sita ndio walioketi kwenye mbao.

Asubuhi tulisimama mistari mbele ya bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Tuliimba wimbo wa Zaire, halafu nyimbo za Chama, tukicheza na kupiga makofi. Tusiseme uongo, tulizifurahia. Hatukuelewa maneno, lakini baridi ilitoka mwilini. Siku za salongo tulikwenda na majembe kulima shamba la masomo, na mavuno yake hatukuyaona kamwe kwenye sahani yetu.

Mjukuu aliuliza: «Na majina? Mlikuwa na majina gani?» Hapo tulicheka tena. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na jina la kalasi na jina la nyumbani. Mama hakujali. Alikuja mpaka kwenye uzio wa masomo na kutuita kwa majina ya watakatifu, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi, na sisi tulijifanya hatumjui. Na mwalimu naye, tuliyemheshimu kama mlima, alikuwa na jina lake la ubatizo, tulilisikia siku moja mke wake alipomgombeza.

Tulipoanza, masomo yote yalikuwa mikononi mwa Leta, kwa sababu mwisho wa 1974 serikali iliyachukua kutoka kwa makanisa. Mwezi wa pili wa 1977 walipatana tena, na mupe alionekana kwenye uwanja na pikipiki yake. Kwetu watoto mabadiliko yalikuwa hayo tu, pikipiki.

Kiswahili tulikijua kutoka sokoni, kwa hiyo miaka ya kwanza haikuwa migumu. Kifaransa kilikuja baadaye, kama mgeni asiyeketi, anayesimama tu mlangoni. Dada alikifungulia. Mdogo hakuweza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe pana, jeusi, laini kidogo kuliko mengine, na dada alikuwa anaokota vipande vya chaki chini ya ubao wa kalasi yake na kuvificha ndani ya nywele. Jioni, sufuria ikiwa jikoni, aliandika juu ya jiwe lile. Ba, be, bi. Alifanya sauti nzito kama ya mwalimu na alikuwa na kijiti mkononi. Mdogo alijifunza kusoma pale, hakujifunzia kalasini, hata kama buletini ilisema vingine. Mvua ikija inafuta somo, kesho tunaanza upya.

Mwaka wa tatu dada alikuwa wa kwanza. Mnakumbuka siku ya kutangaza matokeo, mwanzoni mwa mwezi wa saba, wazazi wote uwanjani, majina yanaitwa moja moja kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Jina lake lilipoitwa mbele ya wavulana wote, baba alitazama chini, hakujua uso gani avae. Mama alipiga kelele ya furaha mpaka mbuzi walikimbia.

Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na siku nyingine, ya mwaka huohuo. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, Jumatatu. Mdogo alikuwa na miezi minne tu ya masomo. Kelele zilianza nje, watu wanapita barabarani na mizigo kichwani, na upande wa Nyiragongo moshi ulikuwa umepanda mpaka umefunika mchana. Mlima ulikuwa umepasuka ubavuni. Baadaye tulisikia kwamba moto wote uliokuwa juu ulishuka kwa muda usiotimiza saa moja, ukikimbia kama maji, na kwamba watu wengi walikufa kwenye mashamba yao bila hata kusimama. Mwalimu wa mwaka wa tatu alisema mtu asitoke. Dada alitoka kwa dirisha. Alikuja mpaka mlango wa mwaka wa kwanza, hakuomba ruhusa, akamshika mdogo mkono, akamweka mgongoni na kukimbia naye mpaka nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Moto haukufika kwetu. Usiku tulitazama juu, na wekundu haukuwepo. Ndipo tulianza kuuogopa mlima.

Sasa tuingie kwenye kopo, maana ndilo lililotunyamazisha mbele ya mtoto.

Nyumbani baba alilipa minervali ya wavulana wawili. Ya wasichana ilikuwa kazi ya mama. Si kwamba baba alikuwa mtu mbaya. Ndivyo ilivyokuwa nyumba baada ya nyumba, na wengi wenu mnaosoma hapa mlikulia ndani ya nyumba hizo. Mama aliuza viazi na maharagi kando ya barabara, na pesa alizitia ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, lililochimbiwa chini ya kitanda. Benki ilikuwa kitu cha Goma, cha watu wenye viatu. Dada alipokuwa anaelekea mwaka wa sita, mama alianza kuweka hata kwa ajili ya sekondari. Tulimwona akihesabu usiku. Alikuwa anabadilisha makuta yake kwa noti kubwa, za zaire 5 na za zaire 10, kwa sababu noti kubwa hazijazi kopo.

Wakati wa Noeli ya mwaka 1979 redio ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimekufa. Mwenye nazo azipeleke kubadilisha, na siku zilizotolewa zilikuwa chache tu, na mipaka ya inchi ilifungwa. Wakubwa wa Kinshasa walikuwa na namna zao. Mtu wa kijijini alikuwa na miguu. Mama aliteremka Goma na kopo ndani ya kikapu, chini ya kabichi ili wezi wasilione. Alipofika, watu walikuwa wamejaa mbele ya milango mpaka barabarani, askari wanawasukuma. Alilala nje. Siku ya pili hakufika hata karibu na mlango. Muda ukaisha. Alirudi na kopo lilelile, na uzito wake uleule.

Hakulia mbele yetu. Alilitia kopo juu ya meza, na baada ya siku chache ndugu zetu wadogo walikuwa wanacheza nalo mchezo wa ligablo, wanauziana mawe kwa noti za zaire 10. Mama aliwatazama, hakuwakataza. Mwaka 2025, benki za mji huu zilipofunga milango na watu wakazunguka na simu wakitafuta pesa zao, dada alikuwa jikoni. Tulisikia anacheka peke yake. Tulijua anacheka nini.

Mwezi wa kwanza wa 1980 masomo yalipofunguliwa, mdogo aliendelea na mwaka wa nne. Dada alibaki nyumbani, katikati ya mwaka wa sita, miezi michache kabla ya mtihani wa sertifika. Na kwa miaka yote iliyofuata, nyumbani kwetu hadithi ilikuwa moja: dada alichoka na masomo. Mama alisema hivyo. Wajomba walisema hivyo. Mdogo naye aliamini, na mara nyingine, tuseme ukweli kwa vile tumeanza, aliona ni vizuri kuamini.

Juzi, mbele ya mtoto na kaye yake, mdogo alianza kuisimulia hivyohivyo. «Koko yako mkubwa alichoka na masomo…» Dada akaweka chini sahani ya maharagi.

«Sikuchoka,» alisema.

Alituambia usiku mmoja alisikia baba na mama wakisema kwa sauti ya chini. Pesa iliyobaki ilitosha msichana mmoja. Baba alisema atolewe mdogo, kwa sababu yuko chini, hasara yake si kubwa, na dada amebakiza kidogo. Mama hakujibu. Asubuhi dada alichota maji kama kila siku, akaenda masomoni kabla ya kengele, akampa mwalimu kitabu cha kusoma alichokuwa ameazimwa, na kurudi nyumbani. Akamwambia mama amechoka. Mama alimtazama sana, halafu akampa jembe.

Tulimuuliza kwa nini. Amekuwa mwanamke wa miaka sitini sasa, alijibu kama mtu anayeulizwa bei ya chumvi.

«Nilihesabu. Mimi nilikuwa najua kusoma na kuhesabu. Wewe ulikuwa bado unasoma kwa kidole.»

Ni kweli. Mwaka wa nne, na bado kwa kidole.

Mnaosoma ukurasa huu kila wiki mnajua mdogo alikwenda mpaka wapi: sekondari kwa masista, kisha ualimu, kisha shirika hili. Tusilirudie. Lakini kuna kitu hatukuwahi kukiandika. Mwaka mdogo alipofika mwaka wa sita, dada alikuwa ameshaposwa, na kila jioni, mikono bado na udongo, aliomba kaye. Hakusema anajifunza. Alisema anaangalia kama mdogo ameandika vizuri. Alisoma kila kitu alichokiacha mwezi ule wa kwanza, ukurasa kwa ukurasa, karibu na taa ya petroli, mpaka baba akaja kuizima. Siku ya mtihani alimsindikiza mdogo mpaka kituo, akaketi nje chini ya mti mpaka mwisho. Njiani kurudi aliuliza maswali yote, moja moja. Kulikuwa na hesabu ya shamba na uzio wake. Dada aliifanya kichwani, akitembea, na jibu lake halikuwa sawa na la mdogo. Lake ndilo lilikuwa sahihi.

Sertifika ilipokuja, mama aliikunja na kuitia ndani ya kopo, juu ya zile noti zilizokufa. Mama alipoondoka duniani kopo lilikuja Goma, kwenye nyumba ya mdogo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipoteremka tena, safari hii mpaka katikati ya mji, tulikimbilia Gisenyi na watoto na godoro moja. Kopo lilibaki. Leo pale lilipokuwa kuna mawe, na juu ya mawe kuna nyumba ya mtu mwingine.

Dada yeye aliolewa kulekule Kibumba, akalima kabichi, akaona kambi ya 1994 ikila shamba lake lote, akalima tena. Mwisho wa 2022 vita vilipofika, aliteremka kwa miguu mpaka Kanyaruchinya pamoja na binti yake na wajukuu, akalala chini ya hema miezi mingi kabla hajakubali kuja kukaa kwetu. Alikataa kwa sababu, alisema, hapendi kusumbua. Mdogo alikuwa na chumba. Mdogo alikuwa nacho siku zote.

Mtoto huyu mwenye kaye alipoteza karibu mwaka mzima pale hemani. Aliporudi kwenye kalasi, mama yake alianza kuuza sambaza asubuhi, na alitaka binti abaki nyumbani awashike wadogo wawili. Masomo ya msingi ya Leta ni ya bure toka mwezi wa tisa 2019, tunaambiwa, na kweli minervali haiombwi kama zamani. Lakini kaye zinanunuliwa, biki inanunuliwa, nguo ya buluu na nyeupe inanunuliwa, na saa za asubuhi, hizo hakuna serikali iliyowahi kuzilipia msichana. Dada hakugombana na binti yake. Alichukua wale wadogo wawili, mmoja mgongoni mmoja mkononi, akasema: «Hawa ni wa kwangu mpaka saa saba.» Ikawa hivyo kila siku. Sasa amepata majirani wawili, wazee kama yeye, nao wanashika watoto wa mlango wa tatu na wa nne. Tulipokutana Jumatano tuliuliza nani ana msichana aliyebaki nyumbani kwa sababu ya mtoto mdogo. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa mingi kuliko tulivyotaka kuona. Wanaotaka kujua dada anapanga vipi zamu zake, waje Jumatano ijayo, yeye mwenyewe atasema, kama tutaweza kumketisha mbele.

Hatukuwahi kumwambia asante. Kwetu dada mkubwa haambiwi asante, ni kama kumwambia asante mkono wako. Tunaiandika hapa kwa sababu anasoma ukurasa huu kila wiki, kabla ya watu wote, na biki mkononi, na siku zote anapata kosa. Dada, asante. Ulituweka mgongoni mara mbili.

Tulirudi kwa mtoto, aliyekuwa ametusikiliza bila kuandika hata neno. Alikuwa na wasiwasi. «Mistari kumi tu,» alisema. «Niandike nini?»

«Andika kwamba koko yako alisoma mpaka mwezi wa kwanza wa mwaka wa sita,» dada alisema. «Usiongeze.»

«Na sertifika?»

«Sisi wote wawili hatuna. Yake iliungua.»

Mtoto aliandika. Halafu aligeuza ukurasa, kulikuwa na kazi nyingine, sehemu na sehemu, moja ya tatu jumlisha mbili za tano. Dada aliivuta kaye kwake, akaitazama, akanyoosha mkono kuomba biki. Mdogo alivuta sahani na kuendelea na maharagi peke yake.